Rangi ya Damu ya Mzee

Yule ng'ombe nilimchora mara nne. Mara ya kwanza kwa penseli, nimeketi juu ya ndoo iliyofudikizwa nje ya zizi la mjomba, Septemba 2022, upande wa Taru, si mbali na barabara kuu iendayo Nairobi. Mara ya pili kwa makaa. Mara ya tatu na ya nne nilikuwa nimesharudi Mombasa, nikatumia rangi ya akriliki kwenye kitambaa cha upana wa mita moja na nusu: mbavu zinahesabika, jicho limebaki wazi, nzi wako pembeni mwa jicho. Kuchora mzoga nilikuwa nimeshajua. Lile jicho nilijivunia.

Mwezi wa Novemba mjomba alimleta mkewe kliniki mjini, wakalala kwangu. Nilimwamkia mjomba, akaitika marahaba huku macho yameshafika ukutani. Mjomba huniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mamake mzazi, na kwetu Waduruma mwenye jina huchukuliwa kama mwenyewe. Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Akamtaja yule ng'ombe kwa jina lake.

"Mama, huyu alikufa siku moja," akasema. "Tulingoja naye miezi saba. Hiyo miezi saba umeiweka wapi?"

Akaenda kuketi, akaomba chai. Hakukusudia kunifunza kitu. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza mbona sahani ziko nne na watu wako watano. Wiki iliyofuata niliishusha ile picha nikaipaka chokaa yote, jicho na nzi. Tangu hapo najaribu kulijibu swali lake, na ndiyo sababu ninachora ninavyochora, picha dhahania, zisizo na sura ya kitu, ambazo watu huzitazama wakaniuliza: ng'ombe yuko wapi, mti uko wapi, mtu yuko wapi?

Nasema mapema kwamba siwadharau wapiga picha wa magazeti. Mzoga kando ya barabara, mtoto na mtungi wa manjano, unyayo juu ya tope lililopasuka: picha hizo ni za kweli na zimewahi kuleta unga mahali ambapo hapakuwa na unga. Lakini ukizitazama kwa miaka mingi unaanza kuamini kwamba ukame ni tukio, kama ajali. Waliouishi wanajua ni kitu cha kungoja. Unaamka unatazama mashariki. Mawingu yanakuja, yanakaa mpaka saa nane mchana, yanakwenda zake. Tumelelewa na methali kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na katika miaka ile mawingu yalikuja mara nyingi hadi mtu akaona haya kuyatazama.

Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Vuli ya 2020 ikakosa. Masika ya 2021, vuli ya 2021, masika ya 2022, vuli ya 2022: misimu mitano mfululizo, jambo ambalo kaskazini na mashariki ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia hazikuwa zimelishuhudia kwa miaka 40. Bahari ya Pasifiki ilikuwa imepoa kwa La Niña iliyorudi miaka mitatu kwa zamu, na maji ya joto ya Bahari ya Hindi yakakusanyika upande wa Indonesia. Mvua yetu ikanyesha huko. Tarehe 8 Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Ulipoisha, mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikuwa imekufa Kenya peke yake. Wa mjomba walikuwa wanane kati ya kumi na mmoja.

Sasa misimu mitano utaichoraje? Nilianza kwa njia rahisi kuliko zote. Nilitandika kitambaa sakafuni nikagawa mikanda mitano, mmoja juu ya mwingine, kila mkanda msimu mmoja, kila mmoja udongo wa siku niliyouchota. Hakuna mti. Hakuna mbingu. Kuiondoa mbingu ndiko kulikonitesa, maana mkono uliozoea kuchora mandhari huanza na ule mstari wa mbali ambapo nchi inakutana na anga, na mtazamaji akichoka na nchi huinua macho akapumzika juu. Kwenye kiangazi cha Taru, saa saba mchana, mstari ule haupo. Vumbi limeula. Nilipouondoa, jicho likakosa pa kukimbilia, likarudi chini, likarudi tena. Hapo nikahisi kwa mara ya kwanza kwamba picha inangoja.

Si mimi niliyeanza. Waaustralia wamehangaika na jambo hili mbele yetu. Mwaka 1944 gazeti la Sydney Morning Herald lilimpeleka mchoraji Russell Drysdale magharibi mwa New South Wales akachore ukame, na mwaka 1952 gazeti la Brisbane likamtuma Sidney Nolan, akarudi na mizoga iliyokauka hadi ikawa kama mbao zilizopinda juani. Kazi nzito. Lakini niliyejifunza kwake zaidi ni Fred Williams, ambaye hakuwa akichora ukame hasa. Miaka ya 1960 alikwenda kwenye vilima vya You Yangs karibu na Melbourne, akaugeuza msitu mkavu kuwa madoa mazito ya rangi yaliyotawanyika juu ya uwanja mmoja, na mara nyingine mstari wa mbali akaufuta kabisa. Nimeziona picha zake kwenye simu tu. Hata kwenye simu, doa moja la Williams lina uzito wa mti.

Baada ya ile mikanda mitano nilirudi Taru nikiwa na daftari, na safari hii sikwenda zizini. Nilikaa jikoni kwa mke wa mjomba, ambaye naye namwita mama, tukaitana hivyo sote wawili. Kwenye ukuta wa udongo, nyuma ya mlango, palikuwa na mistari ya makaa. Minne imesimama, wa tano umelala juu yake; minne, wa tano. Nikadhani ni michezo ya watoto. Kumbe ni deni la maji. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akiwaletea mitungi ya lita 20 kutoka kwenye bomba la barabarani alikuwa akikopesha, na kila mtungi ulipata mstari wake. Walipolipa kidogo, mistari ilifutwa kwa kidole kilicholowa mate, ukabaki moshi mweusi ukutani. Kulikuwa na sehemu iliyofutwa na kuandikwa mara nyingi hivi kwamba ukuta ulikuwa umebonyea.

Nilikaa mbele ya ukuta ule asubuhi nzima. Nilikuwa nimetumia miaka miwili kuutafuta mkono wa kuchora kungoja, na mkono huo ulikuwa wa mama, na kazi alikuwa ameshaimaliza. Niliomba ruhusa ninakili mistari. Akacheka, akasema ninakili nikitaka, mradi nisimlipie mtu deni mara mbili.

Ndiyo maana nashindwa kuelewa watu wanaposema uchoraji dhahania ni kitu cha kigeni kwetu. Jirani zetu Wakamba walipoipa njaa jina, hawakusema njaa ya mizoga. Moja waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa na nimeshika, pesa mkononi na chakula cha kununua hakuna. Nyingine, ya mwishoni mwa karne ya 19, ni Ngomanisye, ile iliyofika kila mahali. Mtu aliyechagua majina hayo alikuwa ameshaondoa kila kinachoonekana akabakiza kiganja kilichofumba, au mwendo wa kitu kisichozuilika. Hicho hasa ndicho ninachojaribu kukifanya kwa udongo na gundi.

Nizungumzie nyufa, maana ndizo zilizonipotosha kuliko kitu chochote. Kila anayechora ukame huchora nyufa, na nyingi ni za uongo. Zangu za kwanza zilikuwa za uongo pia: nilichora vipande vya pande sita, safi, kama masega ya nyuki, kwa sababu ndivyo nilivyodhani tope hupasuka. Halafu nikashuka kwenye silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua, iliyochimbwa karibu na kwa mjomba mwaka 2019, nikapiga magoti, na hapakuwa na masega. Nyufa zilikutana kama herufi T.

Tope likikauka husinyaa. Juu hukauka kwanza, chini bado limeshikilia maji, likavutana lenyewe kwa lenyewe mpaka mahali fulani likashindwa, likaachia. Ufa wa kwanza hupita mrefu bila kizuizi. Wa pili ukija humkuta mwenzake amelala, hukatiza kwake kwa pembe mraba na kuishia hapo. Tabaka likiwa nene, vipande huwa vikubwa. Likiwa jembamba, huwa vidogo na hukunjamana kingo kama jani la tumbaku. Yale masega ya pande sita huja baadaye, pale ambapo tope limelowa na kukauka mara nyingi: nyufa hufunguka tena karibu na zilipokuwa, na kila mara pembe husogea kidogo, hadi tatu zinakutana mahali pamoja kwa digrii 120. Kwa hiyo ukijua kutazama, pembe za nyufa zinakwambia nchi hii imekauka mara ngapi. Silanga ya mjomba ilikuwa imekauka mara yake ya kwanza. Masega yangu yalikuwa yamesema uongo kuhusu umri wa msiba.

Mwitaliano Alberto Burri alilijua hili kwa mikono. Miaka ya 1970 alianza kazi alizoziita Cretto, yaani ufa: alimwaga uji mzito wa rangi nyeupe na gundi juu ya ubao, akauacha upasuke wenyewe, yeye akiamua unene tu. Alieleza kwamba wazo lilimjia kwenye jangwa la Death Valley, kule Marekani. Kisha, kuanzia 1984, akaanza kufunika kwa saruji nyeupe magofu ya mji wa Gibellina, Sicily, ulioangushwa na tetemeko la ardhi la 1968, na njia za mji wa zamani zikawa nyufa ambazo mtu anapita ndani yake, saruji ikimfika begani. Burri hakuchora nyumba zilizoanguka. Ila ukipita mle unajua unapita kwenye mtaa wa watu.

Nilipoacha kuzichora nyufa kwa brashi nikaanza kuzingoja. Nachota udongo mweusi wa sakafu ya silanga, naupepeta kwa chekeche, nauchanganya na maji na gundi ya mbao kidogo sana, namwaga. Gundi ikizidi, udongo unakuwa plastiki, unang'aa, umekufa. Ikiwa kidogo unashika kitambaa lakini unabaki udongo: ukiugusa kwa kidole kilicholowa, unakunywa. Mombasa kwa unyevu wa bahari tabaka moja huchukua siku tisa kukauka. Taru huchukua siku moja, na ninazimwaga huko nikiweza, ingawa kila kikombe cha maji ninachotia kwenye udongo kimepandishwa na pikipiki na kuna mstari wake ukutani. Maji ya kusafishia brashi sikuwahi kuyaomba. Brashi huko nazifuta kwa mchanga.

Kitambaa ni merikani, bafta ngumu isiyopaushwa ya kununua kwa mita. Nilikichagua kwa bei yake, baadaye nikakipenda kwa safari yake. Karne ya 19 kilikuja Unguja katika meli za Salem, Massachusetts, kikaitwa kwa jina la nchi kilikotoka, kikawa fedha ya misafara. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda bara ilibidi ivuke Taru, na wabebaji waliiogopa Taru kwa sababu ya kiu. Basi kitambaa hiki na udongo huu si wageni kwa wenyeji.

Makaa ndiyo yanayoniuma. Mahindi yakikauka na mifugo ikifa, kilichobaki cha kuuza ni mti. Katika miaka ile magunia ya makaa yalijipanga kando ya barabara ya Nairobi kama watu wanaosubiri matatu, na kila gunia lilikuwa migunga ambayo ingeshika udongo siku mvua itakaporudi. Mjomba alikataa kuchoma. Jirani yake alichoma, ana watoto sita, na sitamhukumu. Kwake ndiko ninakonunua makaa ya kuchorea, kwa bei anayotaja. Weusi wote kwenye picha zangu ni mti uliokatwa mwaka ule, na mvua ilipokuja kweli, vuli ya 2023, ya El Niño, ilikuja kwa hasira juu ya nchi iliyo tupu na ngumu kama kigae, ikapita juu juu kuelekea baharini na kubeba hata ule udongo wenyewe. Nimewaza kuacha kutumia makaa. Kisha nawaza ni nani atakayeuona ule mti, kama si hapo.

Kuhusu rangi, lugha yetu ilinisaidia bila mimi kuiomba. Kiswahili kina nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingi ya nyingine tumezitaja kwa vitu vilivyowahi kushikwa. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa, manjano ni bizari, zambarau ni tunda, kijani ni jani. Mchoraji anayewaza kwa Kiswahili hawezi kuitenga rangi na kitu chake hata akitaka, na kwangu hiyo imekuwa neema: nikiweka kijivu peke yake, bila jiko wala moto, jivu liko pale. Jaribu sasa kuifikiria Taru Septemba 2022. Majani yalipoondoka, kijani iliondoka na jina lake. Na ule udongo wa kingo za silanga, wekundu wa kina uliokaribia kuwa mweusi, una jina ambalo wauza vitenge wa Mombasa wanalitumia kila siku bila kusita: damu ya mzee. Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni kwenye maduka ya vitambaa. Sikulisikia vizuri mpaka nilipouona udongo ule chini ya kucha za mjomba.

Kuna mwenye duka la picha mmoja aliyenishauri, kwa nia njema, niongeze twiga. Hilo silijibu. Swali lililonikosesha usingizi liliulizwa na mwanamke aliyekuja kwenye maonyesho madogo tuliyofanya watano, mwenyeji wa Tana River. Alitazama mikanda yangu akasema, "Dada, ni nzuri. Sisi tulizika watu. Uzuri huu unatoka wapi?" Sikuwa na jibu, na sitajifanya kwamba sasa ninalo lote. Najua picha isiyo na mtu inaweza kununuliwa ikatundikwa juu ya kochi kwa kuwa inapatana na mito. Najua kuondoa sura kunaweza kuwa kukwepa. Nilichofanya tangu siku ile ni kuzipa picha majina yasiyompa mnunuzi nafasi ya kusahau: *Vuli 2021, mitungi 214, haijalipwa*. Hesabu ni ya ukuta wa mama. Na nimeamua kwamba sichori sura ya mtu mwenye njaa, kwa sababu sijawahi kukutana na mtu mwenye njaa aliyetaka sura yake ya siku ile ibaki duniani kuliko sura zake zingine zote.

Aliyenitia nguvu wakati huo ni mzee wa Sudan, Ibrahim El-Salahi, mzaliwa wa Omdurman, 1930. Kwa miaka mingi amekuwa akichora mti mmoja, haraz, jamaa ya migunga yetu. Hapa Kenya unaota kandokando ya mito ya msimu huko kaskazini. Mti huu hupukutisha majani wakati wa mvua, na kiangazi kikikaza, wenzake wote wako uchi, wenyewe unachanua kijani. El-Salahi ameurudia mpaka ukawa mistari iliyosimama na vipande vya rangi, na bado ni mti ule ule, unangoja kwa namna yake.

Mwaka huu mjomba alishuka tena. Nyumba yangu ina ukuta mmoja mrefu na hapo nilikuwa nimetundika kubwa kuliko zote, mikanda mitano, mita tatu kwa mbili, nyufa za T katika mkanda wa nne, mistari ya deni ikipita kote. Sikumwambia ni nini. Alivua kofia. Akaanza juu, akashuka na kidole hewani bila kugusa. Alipofika kwenye mistari alihesabu kwa Kiduruma, polepole, akaruka iliyofutwa, akaendelea. Kwenye mkanda wa pili akasimama.

"Masika hii ilinyesha," akasema.

"Mjomba, ilikosa. Hata redioni walisema."

"Ilinyesha siku mbili. Jumanne na Jumatano. Mamako alitega sufuria." Akanitazama. "Mama, usiiondoe. Tuliikunywa ile."

Nikamletea maji kwenye kikombe. Alichovya kidole cha shahada, akakigusa kwenye udongo wa mkanda wa pili, karibu na ukingo wa kushoto, mara moja. Akachovya tena, akagusa pembeni yake. Udongo ukanywa. Yalitokea madoa mawili ya damu ya mzee, kila moja kama shilingi, na alipochukua mfuko wake kwenda stendi ya Mariakani yalikuwa bado hayajakauka.